Maandishi ya Ubavuni mwa Gari Yangu

Jamani, aibu hii nimeificha kadiri nilivyoweza, lakini walioiona kwa macho yao ni wengi mno (Malindi, Kiponda, Hurumzi mpaka Shangani, yaani nusu ya mji wetu wa Unguja), kwa hivyo bora niieleze mwenyewe kuliko mkaisikia kwa Makame, ambaye kila akiisimulia huongeza mtu mmoja aliyezimia. Hakuzimia mtu. Waliolia wapo, walioinama wapo, na mimi niliyestahili kuzimia sikuzimia, nilisimama wima nikiamini kwamba siku yangu inakwenda vizuri kupita siku zote.

Naitwa Zuhura, ni dereva wa watalii. Zamani nilikuwa mpishi katika hoteli moja kule Matemwe, napika pweza na wali wa nazi, na kila asubuhi nawaona madereva wanaingia, wanapakia wageni, wanaondoka zao kwenda kuangalia kima punju Jozani, mimi nabaki na masufuria. Siku moja nikasema na mimi nitaendesha. Nikajifunza, nikaanguka mtihani, nikarudi, nikaanguka tena, nikarudi tena mpaka yule mwenye kunitahini akaniamkia kwa jina, na leseni nikaipata. Shemeji yangu akanitafutia gari: nyeusi, ya watu wanane, mlango wa kusukuma ubavuni, imeshuka kutoka Japani hata majani makavu ya huko yamo bado kwenye kapeti. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwanza haina kosa lolote katika mkasa huu, pili hakuna haja, maana ukirusha jiwe pale Darajani litaangukia moja ya gari zake.

Sisi wenye gari hizi tunajuana. Tukikaa kituoni Malindi kungojea boti ya Dar, mazungumzo ni hayo hayo: injini ya nani haijafunguliwa tangu inunuliwe, nani kapata kipuri kwa nani, na nani kadanganywa. Lawama zipo. Ziko chini mno, mawe ya njia za shamba yanazikwangua tumbo. Redio zake zinakamata stesheni mbili tatu tu, kwa kuwa zilitengenezwa kwa mawimbi ya kwao. Na ukiwasha, bibi mmoja ndani ya dashibodi anasema maneno ya Kijapani ambayo hakuna ajuaye kama anakuamkia au anakutukana. Lakini hatuziachi. Makame, dereva mwenzangu na adui yangu wa kila siku, husema, "Gari hii utakufa wewe, yeye atabaki anatafuta mrithi."

Na tuna desturi yetu moja. Gari ikija na maandishi ya Kijapani ubavuni, hayafutwi, hayo ndiyo cheti chake. Gari iliyopakwa rangi upya watu huishuku, husema hii imeshazunguka mikono mingi, lakini yenye maandishi ni "mpya kutoka Japani" hata kama ni kongwe kuliko anayeiendesha. Ya Makame ilikuwa na picha ya samaki na herufi nyekundu. Yangu ilikuwa na mstari mmoja mrefu wa herufi nyeupe kila ubavu, zimekaa vizuri, za heshima, na nilikuwa nazipangusa kwa kitambaa chake maalumu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kabisa. Asubuhi moja, mbele ya madereva wote, Makame akaniuliza, "Bi Zuhura, gari yako imeandikwa nini?"

"Na yako imeandikwa nini?"

"Yangu samaki, hata asiyesoma anaona. Yako je?" Kisha akawageukia wenzake. "Mtu gari yake mwenyewe haijui, wageni atawajulia wapi?"

Wakacheka. Mimi na kicheko cha kituo kile tulikuwa hatupatani tangu siku ya kwanza (mwanamke kuendesha, ati, atageuzia wapi), basi nikamjibu pale pale, uso mkavu, "Imeandikwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*."

Msinicheke. Mimi ni mtoto wa Unguja, nimelelewa katika nyumba ambayo kanga haivaliwi mpaka neno lake lijulikane, na kwangu mimi mstari wa herufi uliokaa katikati ya kitu kizuri lazima uwe na usemi wake. Nikauona mstari, nikausoma kama unavyosoma kanga. Na niliusema kwa uhakika hata mwenyewe nikauamini.

"Kijapani umekijulia wapi?" Makame akauliza.

"Kwani wewe ulidhani nnalala?" nikamwambia, nikawasha gari nikaondoka.

Tangu siku hiyo nikawa Bi Mjapani. Watu wakaanza kuniletea gari zao niwasomee, nami nikawasomea, nifanye nini tena? Mwalimu mmoja nikamsomea *Elimu haina mwisho*, akafurahi akanishukuru. Mwenye kuuza mikate nikamsomea *Subira yavuta heri*. Yule bibi wa dashibodi nikamtafsiri kwamba anasema funga mkanda, safari njema, na wallahi watu wazima wenye ndevu zao wakawa wanamwitikia, "Ahsante, Bi."

Basi sikuliona tatizo mpaka alipokuja Bwana Kishori. Huyu ni mzee wa Kihindi mwenye ofisi ya safari pale Shangani, mtu mpole, nguo zake hazina kunyanzi, hapendi makelele, na hasahau kitu. Akaniambia kuna wazee watano wa Kijapani wanakuja na boti, pamoja na mkalimani wao, na wazee hao maisha yao yote walifanya kazi kiwandani katika kampuni ile ile iliyotengeneza gari zetu. Wamestaafu, wanataka kuona gari zao zimefika wapi na kuwauliza wenye nazo wanazionaje. Wa sita wao, Mzee Kenji, alikuwa ametangulia siku mbili na yumo katika nyumba ya wageni Shangani. Safari ni ya siku nne, Mangapwani, Jozani mpaka Matemwe.

"Nnaambiwa wewe unasoma Kijapani," akasema. "Ukiwachukua hawa wakaridhika, dereva wa ofisi yangu ni wewe, si msimu huu tu. Wasiporidhika, kazi ntampa Makame. Unasoma kweli?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, Bwana Kishori, nilifanya mzaha, mambo yakaisha. Lakini kazi ile nilikuwa naitaka kwa udi na uvumba. Nilichoka kugombania abiria bandarini, kila boti kama vita, na nilichoka zaidi kuambiwa kwamba nitarudi jikoni, nipewe muda tu. Nikasema, "Nnasoma kidogo."

Kidogo! Na kwa kuwa nimeshasema, nikaamua nifanye kweli, maana mimi nikiamua jambo huwa sifanyi nusu. Nikayapiga picha maandishi ya ubavuni kwa simu, nikampelekea kijana wa matangazo Darajani, nikamwambia ayakuze na kuyachapa kwenye kitambaa cheupe kirefu, herufi nyeusi zionekane tangu botini. Nikachuma asmini na maua meupe mengine nyumbani kwa dada yangu, nikatunga mashada, nikayapanga juu ya boneti yote. Nikachukua chetezo cha marehemu mama nikakitia makaa na udi mzuri, ule wa siku za harusi. Mwenyewe nikavaa baibui langu jipya jeusi. Gari nyeusi nimeiosha inang'aa, maua meupe, moshi wa udi unapanda taratibu, kitambaa nimekishika mimi upande mmoja na mchukuzi mmoja upande wa pili. Hivyo ndivyo mgeni wa heshima apokewavyo, nani atanibishia?

Sasa niwaambieni jambo mapema, ili mjue pa kucheka, maana mimi siku ile sikujua. Gari yangu kule Japani ilikuwa mali ya kampuni ya mazishi. Kazi yake ilikuwa kuwachukua jamaa wa marehemu. Na maandishi yale yalisema: *Huduma za Mazishi. Tuko nanyi usiku na mchana.*

Boti ikafika. Wageni wakatoka, wazee watano na kofia zao za kitambaa, wamechangamka, wanatazama huku na huku, mbele yao binti mmoja ndiye mkalimani. Wakanitafuta kwa macho, wakakiona kitambaa, wakasimama. Wakaiona gari na maua. Wakaniona mimi, na moshi. Mzee mmoja akavua kofia taratibu akainama mpaka kiunoni, na wenzake wakainama.

Mimi nilikuwa nimeambiwa Wajapani huamkiana kwa kuinama, basi na mimi nikainama, tena chini zaidi yao. Wao wakainama tena. Wachukuzi wa bandarini, watu wa adabu wale, wakaona si vizuri kubaki wima, na wao wakainama, na madereva pia, hata Makame aliyekuwa akinisonya tangu asubuhi. Nikasema moyoni, Zuhura, leo umeweza.

Binti akanisogelea, uso umempauka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha vitabuni, kila herufi mahali pake. "Shikamoo, Bibi. Mimi ninaitwa Yumi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni Unguja."

Akamwonesha bibi mmoja mdogo wa umbo, kashika mkoba wake kwa mikono miwili. "Huyu ni Bi Haruko, mke wa Mzee Kenji. Je, Mzee Kenji... yuko wapi?"

Sasa Bwana Kishori alikuwa kaniachia maagizo kabla hajakwenda hekaluni kwake. Mzee Kenji tangu juzi alikuwa anaumwa tumbo (aliuvamia urojo, bakuli tatu siku ya kwanza), na usiku kucha hakulala, sasa ndiyo kapata usingizi, nimwambie mkewe kwa upole asije akashituka. Basi nikaishusha sauti, nikaweka mkono kifuani.

"Mzee kapumzika, mwanangu."

Yumi akanitazama. "Amepumzika?"

"Kapumzika. Usiku kahangaika sana, lakini alfajiri, alhamdulillahi, kapumzika."

"Alikuwa... peke yake?"

"Aa, tutamwacha vipi peke yake! Bwana Kishori alikuwapo. Tumemlaza chumba cha chini, kina baridi, kimya, hata sauti ya mtu haifiki."

Yumi akageuka akasema maneno machache kwa lugha yao. Bi Haruko hakupiga kelele. Alikaa juu ya sanduku lake, akafungua mkoba, akatoa leso, akaikunja, akaikunja tena, kisha akajifunika nayo uso. Wenzake wakamzunguka na wao wanafuta machozi. Nami nikaguswa, wallahi nikaguswa, nikasema tazama wazee hawa wanavyopendana, mume kuumwa tumbo tu mke analia namna hii, sisi kwetu angeambiwa *na bado, nani alikutuma?*

Nikafungua mlango wa gari. Bi Haruko akaiangalia gari ile na maua yake, akatikisa kichwa. Yumi akaniambia, "Samahani, Bibi hataki kuingia humu. Anataka kwenda kwa miguu amwone sasa hivi, kabla..." Hakumaliza.

"Atamwona, wala asiwe na haraka," nikasema. "Hatoki yule mpaka jioni."

Nikadhani boti imemchafua, hataki tena kutikisika. Nikawaambia haya, tutapita njia za ndani, kuna kivuli. Masanduku tukayapanga kwenye mkokoteni, na mvua ya rasharasha ikaanza, basi nikachukua kile kitambaa changu cheupe nikayafunika yasirowe. Tukaondoka. Mbele mkokoteni, mrefu mweupe, nyuma yake Bi Haruko kashikwa mikono kushoto na kulia, wazee wanafuata wamevua kofia, na mimi pembeni na chetezo changu, maana udi ulikuwa haujesha na mimi sipendi kutupa kitu.

Mnajua kwetu ilivyo. Tulipofika Kiponda wazee waliokaa barazani wakasimama wote. "Poleni!" wakasema.

"Tushapoa," nikajibu. Mtu katoka safarini si huambiwa pole? Nikafurahi kuwa watu wa mji wana adabu kwa wageni.

Mzee mmoja akateremka barazani akaja karibu yangu. "Nani?"

"Mume wa bibi huyu."

"Alikuwa akiumwa?"

"Tumbo. Siku mbili tu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, akavaa kofia yake vizuri akaungana na sisi. Nikamwona mcha Mungu kweli, kusikia habari ya tumbo tu karejea kwa Mola wake. Nyuma yake wakaja wengine wawili, kisha watano. Kila baraza tunayopita watu wanasimama, poleni, tushapoa, poleni, tushapoa, na kila baraza inatupa watu. Hurumzi wenye maduka wakateremsha milango nusu. Muuza kahawa akaweka deli lake chini. Makame naye alikuwa ametufuata, akaja akanipokea chetezo mkononi, uso umemshuka, akaninong'oneza, "Bi Zuhura, mambo kama haya huniambii?"

"Nikwambie wewe kwani kazi ya nani?" nikamkata.

Tulipotokea Shangani nyuma yangu palikuwa na watu wasiopungua hamsini, kimya kabisa, na mimi kifua mbele, nasema Bwana Kishori akiyaona mapokezi haya atanipa na ofisi yenyewe.

Barazani kwa nyumba ya wageni alikuwa amekaa Mzee Kenji. Kavaa kikoi na fulana. Tumbo lilikuwa limeshapoa, na mkononi ana bakuli la urojo.

Alipouona umati ule, mke wake, rafiki zake, watu hamsini wa kofia, mkokoteni na kitambaa chake, akabaki na kijiko njiani. Kisha, kwa adabu zao, akasimama akatuinamia.

Hakuna aliyeinama. Bi Haruko akajitoa mikononi mwa wenzake, akaenda moja kwa moja, akavua kofia yake akampiga nayo kichwani, mara moja, mara mbili, mara tatu, urojo ukamwagika wote, halafu akamshika fulana kifuani na hakumwachia.

"Huyu ndiye mfiwa?" yule mzee wa Kiponda akaniuliza. "Maiti yuko wapi?"

"Maiti gani?" nikauliza mimi.

Makame akamgeukia Yumi, akaonesha kitambaa juu ya mkokoteni. "Binti, kwani hapa pameandikwa nini?"

Yumi akanitazama, na namwombea heri mpaka leo kwa jinsi alivyonionea huruma, akajaribu kukaa kimya. Lakini watu hamsini wanangoja. Akasoma kwa Kiswahili chake kile cha kila herufi mahali pake, "Huduma za Mazishi. Tuko nanyi usiku na mchana." Kisha akaeleza kwamba kwao maua meupe, ubani, nguo nyeusi na gari nyeusi ni mambo ya msibani. Na kwamba katika kitabu chake cha Kiswahili, kupumzika kwa mtu mzima ni kufariki.

Sitaki kuieleza sana ile kelele ya kicheko. Watu walikaa chini. Makame alikiweka chetezo changu chini ili apate nafasi ya kushika ukuta kwa mikono miwili. "Mwenyeji apone!" anasema, hawezi kupumua, "Mwenyeji apone, Bi Zuhura!" Hata wazee wa Kijapani, walipotafsiriwa, wakaanza kucheka na machozi yao hayajakauka. Ila Bi Haruko. Yeye alipanda na mumewe chumbani kwao juu bila kunitazama, na hilo lilinichoma kuliko vicheko vyote.

Na Bwana Kishori akatokea, anakuja mbio, mtu asiyekimbia yule, kaambiwa njiani na watu watatu mbalimbali kwamba mgeni wake kafa. Alipopata habari yote alisimama mbele yangu, akasema taratibu, "Bi Zuhura. Wewe unasoma Kijapani?"

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Sisomi."

"Kesho watakwenda na Makame," akasema, akaingia ndani.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani akajifunika shuka. Nilitaka hivyo, sikufichini. Lakini nilijua nikilala siku ile sitoamka tena dereva, nitaamka mpishi. Nikarudi Malindi kwa njia zile zile, nikipita baraza zile zile (poleni, safari hii wakisema kwa kucheka, na mimi nikajibu tushapoa, nitafanya nini), nikaichukua gari nikaileta Shangani mpaka inapoweza kufika, nikanunua mafuta ya taa na wembe, nikaanza kukwangua herufi moja moja. Mvua imekatika, jua linapiga mgongoni. Watu wanapita wanataja jina langu, nami nakwangua.

Nilikuwa nimefika nusu ya ubavu wa kwanza aliponijia Mzee Kenji na Yumi. Aliushika mlango wa kusukuma, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena akiwa kauinamishia sikio. Mlango ule ulikuwa ukikwama tangu uje. Akapiga magoti kwenye njia, na kikoi chake, akatoa kwenye reli ya mlango mchanga na kijiti kilichonasa, akanionesha, akaomba mafuta. Yumi akaniambia kwamba kazi ya maisha yake kiwandani ilikuwa hiyo, milango ya kusukuma.

Tukaanza kuzungumza huku tunafanya kazi, mimi nakwangua yeye anapaka mafuta. Akanieleza kwamba kampuni yao haikuanza na magari, ilianza na mashine za kufumia nguo, magari yakaja baadaye. Nikamwambia Yumi, mwambie basi asinilaumu sana kwa kuyasoma maandishi yake kama ya kanga. Mzee alicheka mpaka akakaa. Halafu akauliza, sasa wewe mwenye gari, unaionaje? Nikamwambia kweli, siku ile nilishachoka kusema uongo: tumbo lake liko chini, redio yake kiziwi, yule bibi wa dashibodi hakuna amwelewaye, lakini asubuhi nikimwasha anawaka, hajaniacha njiani hata siku moja, na mimi katika maisha yangu sina wengi wa kuwasema hivyo. Mzee akatoa kijitabu akaandika lawama zote moja moja, kama mtu anayerudi kiwandani kesho kuzirekebisha. Ile ya mwisho hakuiandika. Alikaa akaitazama gari.

Nilipomaliza ubavu wa pili Mzee alikuwa keshapanda zamani kwa mkewe, na vidole vyangu vimechubuka. Nikanawa, nikapanda juu kwa Bi Haruko kumtaka radhi. Sikuchukua zawadi wala maua (maua!). Nikasimama mlangoni nikamwambia, kwa kinywa cha Yumi, kwamba sijui hata herufi moja ya lugha yake, kwamba nilidanganya nisichekwe, na kwamba machozi yake yako shingoni kwangu.

Bi Haruko aliitoa leso yake mkobani. Kisha akasema, na Yumi akanitafsiria polepole, "Kutoka bandarini mpaka hapa nilikuwa mjane." Akaikunja leso yake. "Alipoondoka kututangulia nilikuwa nimemkasirikia. Sikumfuata mlangoni. Njia nzima nilikuwa namwambia yale niliyoacha kumwambia, na nilijua hayasikii." Akatazama kitandani. "Leo nimemwambia yote. Amechoka kusikiliza, amelala."

Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa chini karibu yake.

"Kesho," akauliza, "tunaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Lakini dereva si mimi, Bibi."

Akamwambia Yumi kitu, Yumi akashuka ngazi kumtafuta Bwana Kishori.

Saa mbili nilikuwapo, gari nyeusi tupu bila hata doa la neno, na Bi Haruko akakaa mbele, ubavuni kwangu. Mangapwani tukaenda, Jozani tukaenda, Matemwe nikawapikia pweza mwenyewe katika jiko la hoteli yangu ya zamani. Makame alialikwa siku moja aseme anaionaje gari yake. Alisema mengi mazuri, kisha akamwomba Yumi, mkono shavuni, amsomee ubavu wake. Ile ya samaki ilikuwa ya duka la chakula cha paka.

Kwa hivyo nimeapa, jamani, na kiapo hiki nimekula mchana mbele ya watu: nisichokijua sitokisema, hata nichekwe mpaka nipaliwe. Na msidhani ni rahisi. Juzi Bwana Kishori kaja kituoni, madereva wote wapo, Makame katega sikio, akaniambia wiki ijayo kuna wageni kutoka Korea. "Bi Zuhura," akasema, "Kikorea unakijua?"

Ulimi ulinitangulia, ukawa unatafuta neno zuri la kusema. Nikaushika. Nikajibu kwa sauti, kituo kizima kisikie, "Sikijui, Bwana Kishori, hata herufi. Njia ya Matemwe ndiyo nnayoijua."

"Basi saa mbili," akasema.